Nimelipia ukoo wa babu Mjerumani, bibi yangu wamemfuta

Hawa jamaa wanaotafuta koo za watu mtandaoni nimewalipa hela niliyodunduliza miezi na miezi, wanitafutie baba mzazi wa bibi yangu: Mjerumani aliyelima kahawa Usambara kabla ya Vita vya Kwanza. Nilitaka mama apate jibu macho yakiwa bado yanamwezesha kusoma.

Kazi ikaja. Ukurasa wa mwisho, chini ya jina la huyo mzee: "Hakuacha mtoto." Mama akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaufuata tena mstari ule kwa kidole. "Sasa mimi nimetoka wapi?"

Nikawapigia. Aliyepokea hata pole hakunipa. Eti bila cheti cha ndoa, binti huyo haingii kwenye ukoo. Cheti! Serikali ya huyo huyo Mjerumani ilizuia ndoa za Wazungu na Waafrika katika koloni hili tangu 1906. Mama yake bibi, binti wa Kisambaa, angekitoa wapi?

Na Lushoto nayo hawaijui. Wameandika "Wilhelmstal, mahali hapajulikani". Jamani, Wilhelmstal ndiyo Lushoto! Mafaili ya Wajerumani yapo Dar es Salaam, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Misheni ya Mlalo, huko huko Usambara, ilianza 1891. Hawakumtuma mtu hata mmoja akaulize. Kisichokuwemo kwenye kompyuta yao, kwao hakipo.

Ila haki yao niwape. Upande wa Ujerumani wamefukua kweli. Mzee alizaliwa kabla ya 1876, serikali ilipokuwa haijaanza kuandikisha vizazi nchi nzima, kwa hiyo ilibidi waingie vitabu vya kanisa, vyenye ule mwandiko wa zamani ambao Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Wakaupata ubatizo wake, majina ya wazazi, mpaka kazi ya baba yake: mhunzi. Bibi alikuwa akituambia, "Nyie ni wajukuu wa mhunzi," nasi tukidhani ni hadithi za jikoni. Niliposoma pale mwili ulinisisimka, na mama alilia.

Nilikuja kuwapa nyota moja. Kwa huyo mhunzi naweka tatu. Hapana, mbili, maana nikikumbuka ile simu damu inachemka upya. Mama ameshaliandika jina la bibi kwa kalamu chini ya mstari ule. Siku watakayoliandika wao, nitarudi kubadilisha.