Truenat kituoni kwetu Tandahimba: uzoefu wangu na kipimo cha TB kinachotumia betri

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, na Truenat naitumia kwa mikono yangu. Ubora wake mkubwa kwetu ni kwamba mgonjwa anaondoka na jibu lake.

Zamani mwenye kikohozi kisichokwisha alitoa makohozi, sampuli ikapakiwa kwenye pikipiki kwenda kwenye mashine kubwa, naye akaambiwa arudi. Msimu wa korosho arudi nani? Watu wamehamia mashambani, simu hazipatikani, na majibu yakija tunaanza kumsaka mtu ambaye siku zote hizo amelala chumba kimoja na wanawe. Sasa namwomba akae nje kivulini anisubiri. Baada ya kama saa moja najua ana TB au hana. Akiwa nayo, naweka chipu ya pili (kibati kidogo cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine) kuangalia kama ni TB sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Hiyo nayo huchukua kama saa nyingine.

Kifaa kinatengenezwa India, na Shirika la Afya Duniani lilikipitisha mwaka 2020. Ni mashine mbili ndogo: moja hutoa vinasaba vya kimelea kwenye makohozi, ya pili huvizidisha na kuvisoma. Zote zina betri, hivyo umeme ukikatika katikati ya kipimo kazi inaendelea, na kwa huku kusini hilo peke yake linanifanya nikipende. Darubini huhitaji vimelea takriban 10,000 kwa mililita moja ndipo nivione. Hapa wanapatikana hata wenye vichache zaidi, wakiwemo wengi wanaoishi na VVU.

Ila kinataka mkono uliotulia. Unavuta mikrolita 6 tu za majimaji yenye vinasaba, kiasi kidogo kuliko tone, kwa pipeti (kifaa cha kunyonya na kupima majimaji), unachanganya kwenye kichupa, kisha unadondosha mikrolita 6 kwenye chipu bila kiputo cha hewa. Mashine za katriji kama GeneXpert, ambazo sampuli huwekwa kwenye kikopo kimoja kilichofungwa na mashine ikafanya mengine, hazina usumbufu huo, kwa hiyo asiyefundishwa asiguse. Na kila mgonjwa anakula chipu yake: kabla ya kununua, hakikisheni chipu zitapatikana mwaka mzima.

Nawasihi pia wenzangu, msikitumie kumfuatilia aliye kwenye dawa. Kinasoma vinasaba, na vimelea vilivyokufa bado vinavyo. Mtu anayepona vizuri anaweza kutoka chanya, akakata tamaa na kuacha dozi. Huyo, mwezi wa pili na wa tano wa matibabu, mpimeni kwa darubini.