Seiko 5 ya mkono wa pili: muuzaji alisema hivi, mfuniko ukasema vile

Saa hii niliichukua Kariakoo kwa shilingi 70,000 baada ya kuvutana sana. Muuzaji aliapa ni ya mwaka 1975, "ya mzee mmoja mstaafu." Nikameza, maana kioo kilikuwa kimechubuka kweli kweli.

Nyumbani nikaigeuza. Mgongoni imejaa taka za jasho, husomi kitu. Nikasugua kwa mswaki mkavu (maji sikuthubutu), nikamulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, maandishi yakajitokeza: 7S26, kistari, alama nne nyingine, na pembeni namba ndefu inayoanza na 9D.

Mwaka 1975 ukafia hapo hapo. Kwenye Seiko za aina hii, alama nne za kwanza ni jina la mashine, nne za baada ya kistari ni za bodi. Na mashine ya 7S26 ilianza kutengenezwa 1996! Ile namba ndefu nayo ina siri yake: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, inayofuata ni mwezi. Januari hadi Septemba ni 1 hadi 9, kisha O, N na D. Mimi D niliisoma sifuri, nikapoteza jioni nzima natafuta mwezi usiokuwepo.

Kwa hiyo ni Desemba 1999, 2009 au hata baadaye, muongo hauandikwi. Fundi saa wa mtaani kwetu akaifungua kwa 5,000: kwenye kile kipande kinachozunguka juu ya mashine pameandikwa 7S26A, toleo la kwanza. Naegemea 1999. Usoni, chini kabisa penye 6 (kwetu saa kumi na mbili), kuna vimaandishi vidogo kama sisimizi, navyo vinaanza na 7S26. Angalau uso na mashine vinajuana.

Kuhusu saa yenyewe sina kinyongo. Inazidi kama sekunde 15 kwa siku. Ukiilaza mezani siku mbili inasimama, na haijazwi kwa kuzungusha kitufe, unaitikisa tu mpaka iamke.

Wiki iliyopita nilimpitia muuzaji, nikamwonyesha ile 9D. Hata hakushtuka.

"Sasa kaka, kwani 1999 ilikuwa jana?"