Darasa la mazoezi ya moyo kwa wanawake, London: uzoefu wangu

Nimemaliza mpango wa utengamao wa moyo hapa London, yaani mazoezi na mafunzo ya kumrudishia nguvu mgonjwa wa moyo. Wanawake wengi wa kwetu huniuliza kama una faida kweli au ni kupoteza nauli tu, basi naeleza yote hapa mara moja. Ukiwa umepata shambulio la moyo, umewekewa stenti (kibomba kidogo cha kuuweka wazi mshipa wa moyo), umefanyiwa upasuaji au umeambiwa moyo wako umedhoofika, usitoke hospitali kabla jina lako halijaandikishwa kwenye mpango huu. Mimi naupa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima ina sababu yake.

Huduma yenyewe ni bure chini ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Kwetu ilikuwa mara mbili kwa wiki kwa wiki 8, chini ya muuguzi wa moyo na mtaalamu wa mazoezi tiba. Siku ya kwanza wanakupima. Unatembea kwenda na kurudi kati ya koni mbili kwenye njia ya mita 10 huku mashine ikilia, na kila dakika milio inakaribiana zaidi mpaka miguu ishindwe kuifuata. Hapo wanajua wakuanzishie wapi. Baada ya hapo kila kipindi kina dakika 15 za kupasha mwili, kisha vituo vya baiskeli, mashine ya kutembelea, kupanda na kushuka kidato na vyuma vyepesi vya mikono, halafu dakika 10 za kuupoza mwili. Ukutani pamebandikwa kipimo cha Borg, namba 6 mpaka 20. Unataja mwenyewe namba ya ugumu unaousikia, na wao wanataka ubaki kati ya 11 na 14. Asiyependa namba anapewa njia nyingine: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba.

Sasa nije kwenye nyota iliyokosekana. Wodini nilielezwa vidonge vyangu kimoja kimoja, nikaonyeshwa dawa ya kupuliza chini ya ulimi, lakini mazoezi hakuna aliyeyataja. Shemeji yangu mwanamume aliwekewa stenti hospitali hiyo hiyo, na yeye aliandikishwa akiwa bado kitandani. Ni yeye aliyeniuliza naanza lini, nikabaki namwangalia. Nilikwenda kwa daktari wa mtaani, ndiye aliyeandika barua. Kisha nikapangiwa darasa la mchanganyiko: wanaume tele, wanawake wawili watatu pembeni, na chumba chenye vioo mpaka chini. Nilipomwambia muuguzi kwamba siwezi kuvuliwa buibui na kubandikwa waya za kifuani mahali pale, akanijibu kwa upole kuwa Alhamisi asubuhi kuna darasa la wanawake peke yao. Lipo siku zote. Kwenye barua ya kunipangia darasa halimo.

Jambo hili linaniuma kwa sababu halinihusu mimi peke yangu. Nchi nyingi zilizochunguza zimekuta wanawake hawaandikishwi kama wanaume, na hata wakiandikishwa huhudhuria kidogo zaidi. Mwaka 2022 Baraza la Kimataifa la Kinga na Utengamao wa Moyo na Mishipa lilitoa mwongozo mahsusi kwa wanawake. Unataka kila mwanamke anayestahili aandikishwe moja kwa moja bila kusubiri daktari akumbuke, ahimizwe kwa mdomo, na apewe nafasi ya kuchagua: darasa la wanawake, la mchanganyiko, au mazoezi ya nyumbani. Na si jambo geni, maana kule Toronto, Kanada, hospitali iitwayo Women's College Hospital imekuwa na mpango wa wanawake peke yao tangu 1996.

Hiyo Alhamisi, wallahi, ni kitu kingine. Mapazia yanashushwa, mwalimu ni mwanamke, na mwenye kuvaa dera juu ya suruali ya mazoezi haangaliwi mara mbili. Wanachosisitiza ni kwamba nguo isifike kwenye pedali wala kwenye mkanda wa mashine, na viatu viwe vya raba. Maswali yasiyoulizwa mbele ya wanaume huulizwa hapo. Mmoja wetu alikuwa na mpasuko wa ghafla wa ukuta wa mshipa wa moyo, ugonjwa unaowapata wanawake zaidi, hata wenye umri mdogo wasio na presha wala sukari. Alikuwa anaogopa kumbeba mwanawe. Mwalimu alikaa naye chini, akampa uzito wa kuanzia na kumfundisha asibane pumzi anapoinua. Mwingine aliuliza habari za chumbani na mumewe. Akajibiwa waziwazi: ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala pumzi kukatika, kwa kawaida hakuna la kuogopa.

Mimi nililalamika kwamba baiskeli hainichoshi kama kukanda unga wa chapati na kuanika nguo. Mtaalamu hakulipuuza hilo. Alileta meza, akaweka taulo lililokunjwa, akaniambia nikande kama ninavyokanda nyumbani. Aliona mara moja kwamba nasukuma huku nimezuia pumzi na mabega yamepanda hadi masikioni. Akanifundisha kutoa pumzi kila ninaposukuma, nikande nusu ya unga kwa mara moja, nipumzike, ndipo niendelee. Kuhusu nguo, akaniambia kamba ishushwe, kwa kuwa kazi ya mikono juu ya kichwa hupandisha presha na mapigo ya moyo kuliko kutembea. Kijitabu walichotugawia kimejaa picha za watu wanaocheza gofu na kupalilia bustani. Kukanda unga hakumo.

Kwenye lishe pia kijitabu kilinipita mbali, lakini mwalimu wa lishe alikuwa msikivu. Nilimtajia samli, tui zito, chumvi ya samaki mkavu. Hakuniambia niache pilau. Tulikubaliana mafuta ya mimea badala ya samli, tui la mwisho badala ya la kwanza na tena kwa nadra, na ng'onda awe kitoweo cha siku moja moja.

La lugha nalisema kwa msisitizo. Alikuwapo mama mmoja kutoka Kongo ambaye mwanawe wa kiume ndiye aliyemtafsiria. Kila akiulizwa, jibu ni moja: mzima, hana shida. Muuguzi akaomba mkalimani wa simu, haki ambayo kila mgonjwa anayo, na kijana akatoka nje. Yule mama akasema usiku halali kwa hofu kwamba hataamka, na kidonge kimoja amekiacha kwa sababu kinamtia kizunguzungu. Baadaye aliniambia, "Dada, mbele ya mtoto nitasema nini?" Dada zangu, msikubali watoto wenu wawe wakalimani wa mioyo yenu.

Kwa asiyeweza kutoka, kwa sababu ya wajukuu, mkwe mgonjwa au kazi ya zamu, kuna mpango wa nyumbani. Upo unaoitwa Heart Manual, uliotoka Edinburgh, wa wiki 6, na kwa moyo uliodhoofika upo REACH-HF, wenye mazoezi ya kitini na sehemu ya jamaa wanaokuhudumia. Yote miwili ina muuguzi anayekufuatilia. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yamekuta mazoezi ya nyumbani hayapitwi na ya kituoni kwa matokeo. Kwa hiyo anayekwambia ya nyumbani ni ya kujifurahisha tu, usimsikilize.

Wengi huacha wiki za mwanzo, mapaja yanapouma, wakidhani ni moyo. Maumivu ya misuli ukiyabonyeza yanasikika pale pale, na huja siku ya pili. Kifua kikibana, taya au mkono ukiuma, au ukitoka jasho la baridi, hapo acha papo hapo, tumia dawa yako ya kupuliza na umwite mwalimu.

Zikiisha wiki 8 unahamishiwa kituo cha michezo cha mtaani, kwa mwalimu aliyesomea mazoezi ya wagonjwa wa moyo, na hapo kuna ada ndogo. Uliza mapema kama wana saa za wanawake. Cha kwetu wanazo Jumamosi asubuhi, na nafasi hujaa haraka.