Sola ya volti 12 na banda lililo mbali: ununue nini kwanza

Betri iko nyumbani, banda la kuku liko mita 30 nyuma ya migomba, nawe unataka taa na feni zinazokula wati 60. Dukani Kikuubo, sokoni Kampala, watakupa waya wa 1.5 (unene wa shaba kwa milimita za mraba) kwa sababu bei yake haitishi. Uache. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hizo ni mita 60 za shaba, na kwa ampea 5 waya huo unameza volti 3.6 hivi. Bandani zinafika nane na kitu: taa zinafifia, feni inajikokota.

Nafasi ya kwanza naipa volti, si unene wa waya. Unga betri mbili zinazofanana, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, upate 24. Ampea zinashuka hadi 2.5, na waya wa 2.5 unapoteza volti 1.1 tu. Bandani funga kanvata ya kurudisha 12. Ila kabla hujalipa, soma kontrola, kile kifaa kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji: iwe imeandikwa 12/24. Paneli nazo ziweze kuchaji 24, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Ya pili ni kubaki na 12 na kununua shaba nene. Waya wa 6 unapoteza 0.9, wa 10 unapoteza 0.55. Kazi ni safi, mfuko ndio utalia.

Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa volti 240, naiweka ya tatu. Kwa volti 240 waya mwembamba unatosha hata mita mia, lakini inveta yenyewe hula betri usiku kucha, na 240 inaua. Hapo mwite fundi anayejua kazi.

Ya mwisho ni alumini iliyopakwa shaba, na kwangu hata bure siichukui. Hasara yake inapita ya shaba kwa zaidi ya nusu. Mwombe muuzaji kipande cha inchi moja, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, mrudishie. Akikataa kukata, nenda duka la pili.

Chochote utakachochagua, fyuzi ikae karibu na betri, upande wa chanya, na waya upite ndani ya bomba. Panya wa bandani hawachagui chakula.