Sauti Kabla ya Inchi: Mwongozo wa Kununua kwa Mpenzi wa Filamu za Sayansi jijini Dar es Salaam

Katika miezi ya karibuni nimetazama, jioni baada ya jioni nyumbani Sinza, filamu kadhaa za bunilizi za sayansi ambazo wapenzi wengi wa sinema wanazifahamu: Gravity ya mwaka 2013, Interstellar ya 2014, Blade Runner 2049 ya 2017 na Dune: Part Two ya 2024. Nimezitazama kwa vifaa tofauti, vingine vyangu na vingine vya ndugu na majirani, na nimefikia uamuzi ambao ningependa mtu anayejiandaa kwenda Kariakoo na fedha zake auzingatie kabla hajapanda daladala: filamu hizi zinategemea sauti na giza kuliko ukubwa wa kioo. Ndiyo maana orodha yangu ya vitu vya kununua haianzi na televisheni.

Nafasi ya kwanza naipa saundiba, ile spika ndefu nyembamba inayokaa chini ya televisheni, hasa yenye namba 3.1 kwenye boksi lake. Tatu ni spika za kushoto, kulia na katikati, na moja ni spika ya besi. Ya katikati ndiyo hasa unayoilipia, kwa kuwa ndiyo inayobeba maneno ya wahusika. Televisheni nyembamba za siku hizi zina spika ndogo ambazo mara nyingi huelekea chini au nyuma, na sebule zetu zina pangaboi linalozunguka usiku kucha. Katika Interstellar, muziki wa Hans Zimmer, ambao kinanda chake cha mabomba kilirekodiwa katika kanisa la Temple jijini London, humfunika mwigizaji hata ndani ya ukumbi mzuri wa sinema. Nyumbani kwangu, pangaboi likiwa namba tatu, ilinipita sentensi ambayo bila hiyo nusu ya filamu haieleweki, kwamba saa moja katika sayari ile ya maji ni sawa na miaka saba duniani. Siku niliyoazima saundiba ya shemeji niliisikia waziwazi, bila kuzima pangaboi na bila kuongeza sauti kiasi cha kuamsha watoto.

Wengi watakushauri ununue sabufa badala ya saundiba, na bei yake itakuvutia. Nimeishi na sabufa kwa miaka mingi na bado naipenda kwa taarabu, lakini kwa filamu hizi siipendekezi. Mdundo wake huvuka ukuta na kumfikia jirani wakati maneno yamebaki yamefifia, na kwa mpangaji ambaye chumba chake kinapakana na cha mwenzake hilo ni jambo la kufikiria kwa uzito. Gravity ilinithibitishia hoja hii kwa namna ambayo sikuitarajia. Sauti haisafiri mahali pasipo na hewa, na mwongozaji wake Alfonso Cuarón aliiheshimu kanuni hiyo: vyuma vinararuka angani bila mlio, na kinachokufikia ni pumzi ya mhusika, redio yake na muziki. Sabufa haina kazi kubwa hapo. Kinachohitajika ni spika inayoweza kutoa pumzi ya mtu ikasikika kama pumzi. Kabla ya kulipa, geuza televisheni uliyonayo uone kama tundu mojawapo la HDMI limeandikwa ARC, yaani linaweza kupeleka sauti ya televisheni kwenye saundiba. Lisipokuwepo, hakikisha vifaa vyote viwili vina tundu la waya wa optiki.

Televisheni inafuata, na hapa ushauri wangu ni kuchagua inchi 50 au 55 yenye weusi mzuri badala ya inchi 65 ya bei hiyohiyo. Wauzaji huonyesha bidhaa zao kwa picha za maua na samaki wa rangi kali, na kila televisheni hupendeza kwa samaki. Nilipokwenda Mtaa wa Aggrey nilibeba flashi yenye vipande viwili tu vya Dune: Part Two: mapambano ya uwanjani katika sayari ya Giedi Prime, ambayo mpiga picha Greig Fraser aliyapiga kwa kamera ya miale ya infraredi ili ngozi za watu ziwe nyeupe kama chokaa, na kipande kimoja cha usiku jangwani. Kijana wa dukani alinivumilia, kisha akaniambia kwa upole, "Dada, hii picha yako ina giza, televisheni haitaonekana uzuri wake." Nilimwomba azime taa ya upande ule. Televisheni tatu zilisimama pamoja: katika ya kwanza weusi wa uwanja uligeuka kijivu chenye ubuluu, katika ya pili pembe za kioo ziling'aa kama kuna tochi nyuma yake, na katika ya tatu, ambayo ilikuwa ndogo kuliko zote, weusi ulikuwa weusi. Niliichukua hiyo. Ukiweza kuuliza aina ya kioo, uliza VA, ambacho kwa kawaida huzuia mwanga wa nyuma kuliko IPS, ingawa ukikitazama kutoka pembeni rangi hupungua. Kioo cha OLED hushinda vyote viwili kwa sababu kila nukta hujizima yenyewe, lakini bei yake ni ya ngazi nyingine kabisa.

Ukifika nyumbani, ingia kwenye mipangilio uzime ulainishaji wa mwendo. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na televisheni inayojaza picha za kubuni katikati huifanya Blade Runner 2049, kazi iliyompa mpiga picha Roger Deakins tuzo ya Oscar, ifanane na tamthilia ya mchana. Nunua pia pazia zito. Ni kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika mwongozo huu, na jua la Dar es Salaam la saa kumi jioni halishindwi na televisheni yoyote niliyowahi kuiona.

Tiketi ya sinema naiweka ya tatu, kwa filamu mbili au tatu kwa mwaka. Ukumbi wa Mlimani City una giza na sauti ambazo sitaweza kuzinunua, na funza wa jangwani wa Dune alistahili safari hiyo.

Projekta ni ya nne. Nilinunua moja katika duka ambalo sitalitaja, boksi likiwa limeandikwa 1080p, yaani mistari 1080 ya picha, kwa herufi kubwa. Nilipoisoma karatasi ya ndani niligundua kwamba hiyo ilikuwa picha inayoweza kupokelewa, wakati picha inayotolewa ukutani ilikuwa 720p. Uliza uwezo halisi wa kioo chake na mwanga wake kwa kipimo cha ANSI lumeni, kwa kuwa lumeni nyingine zinazotajwa huwa zimekuzwa. Zaidi ya hayo, feni yake hupuliza karibu na sikio lako, na filamu tulivu kama Arrival huumia.

Mwisho kabisa ni bando la intaneti la kutazamia kwa ubora wa 4K, yaani picha yenye nukta nyingi kuliko HD. Netflix hutumia hadi GB 7 kwa saa kwa ubora huo na hadi GB 3 kwa HD. Dune: Part Two ina dakika 166, yaani hadi GB 19 au 20 kwa 4K na GB 8 hivi kwa HD, na kwenye inchi 50, ukiwa umekaa mita tatu kutoka kwenye kioo, tofauti ni ndogo mno kuliko ile utakayoipata kwa kuiweka fedha hiyo kwenye saundiba.