"Bila kikomo", ila usitumie sana

Hawa wa intaneti ya nyumbani nilikuwa nawaandalia nyota nne. Nawapa moja, na hiyo ni ya mafundi waliokuja kuvuta waya. Wale walifanya kazi safi, sina neno nao.

Kifurushi kinaitwa "bila kikomo", na herufi zenyewe wamezikuza kweli kweli. Mwanzoni mwa mwezi mambo yalikuwa moto. Halafu usiku mmoja spidi ikaporomoka kutoka megabiti 40 kwa sekunde hadi 2, ikaganda hapo hapo. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikachomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta. Wapi! Faili la gigabaiti 60, ambalo lingeshuka kwa saa 3 na dakika 20, sasa lilitaka karibu siku 3.

Nikapiga simu. Baada ya ule muziki wao usioisha akapokea dada mmoja, sauti tamu kabisa.

"Ndugu mteja, naona umeingia kwenye sera ya matumizi ya haki."

Yaani ile ya kumpunguzia spidi anayetumia sana. Kikomo ni gigabaiti ngapi? Hakuna kikomo. Sasa nimevuka nini? "Umetumia kupita kiasi cha kawaida." Kiasi gani? Hana. Halafu akatupia lile linalonichoma hadi leo:

"Kwani kaka, huwa unapakua nini usiku kucha?"

Linakuhusu nini, dada? Nakala za kazi zangu, magemu ya watoto, chochote kile! Nalipa kwa wakati, halafu nahojiwa kama nimekutwa na kuku wa mtu.

Na huo usiku kucha ndio hasa unaoniudhi. Najua laini tunagawana mtaa mzima, na jioni kila nyumba ikifungua video lazima kuwe na msongamano. Basi nibaneni jioni, saa 2 hadi saa 5, sitalalamika. Mimi naanza kushusha mafaili saa 9 usiku, majirani wanakoroma. Kunibana saa hiyo kunampunguzia nani foleni? Wanahesabu jumla ya mwezi, wakati foleni ni ya saa.

Comcast, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilibainika mwaka 2007 ikikata kimyakimya miunganisho ya BitTorrent, njia ya watu kugawana mafaili kompyuta kwa kompyuta, kwa kutuma pakiti (vipande vya data) bandia zilizofanya kompyuta mbili ziamini kuwa kila moja imemkatia mwenzake. Kelele zikapigwa, tume ya mawasiliano ikaingilia, na mwaka 2008 kampuni ikatangaza kikomo cha gigabaiti 250 kwa mwezi. Wengi walikichukia, lakini angalau ilikuwa namba. Ungeweza kuipangia. Mimi nimepewa "kawaida".

Sasa niwe mkweli: mwezi mpya ulipoanza spidi ilirudi, na ikiwa nzima hii laini ni tamu, sijapata kuona mfano wake. Kama matumizi yako ni barua pepe na video za jioni, chukua tu, hutawahi hata kugundua kuwa wana sera. Wewe wa mafaili mazito, waombe hiyo namba kwa maandishi kabla hujasaini. Wasipokupa, ondoka.

Mimi mwenyewe sijaondoka. Mkataba unakaribia kuisha. Mchana naapa nahama, usiku megabiti 40 zikifunguka nasema ngoja kwanza. Ila simu yao sipigi tena.