Jisho.org: kamusi ya kumkimbilia kama "wear" inakusumbua kwenye Kijapani

Natumia Jisho.org mwezi wa saba huu toka nianze kujifunza Kijapani, naandika hapa kwa ajili ya wenzangu ambao bado wako na zile programu za kutafsiri, unaandika neno moja la Kiingereza inakurudishia neno moja la Kijapani, basi. Mimi moja iliniumiza. Niliandika wear ikanipa kiru, nikaenda darasani nikasema nimevaa viatu vipya kwa hiyo hiyo kiru, sensei (mwalimu) akanyamaza kidogo halafu akachora mtu ubaoni. Kofia, kaburu. Shati na koti, kiru. Kuanzia kiunoni kushuka, suruali, sketi, soksi, viatu, zote haku. Miwani kakeru, pete hameru. Sisi yote hayo tunavaa tu, na Mwingereza hivyo hivyo, ndo maana hata sikushtuka kwamba kuna shida.

Sasa Jisho ukitafuta wear inakumwagia yote, na kila neno lina maelezo mafupi kwamba hili ni la kichwani, hili la miguuni. Unakuta na sentensi za mfano, alama kwamba neno linatumika sana, mpaka level ya JLPT, ule mtihani wa kupima Kijapani. Bure, hamna kujisajili. Maneno yake yanatoka JMdict, kamusi ya Kijapani iliyotokana na EDICT, kamusi aliyoianzisha Jim Breen mwaka 1991, kwa hiyo hayajaokotwa tu.

Ila ukiandika take hivi hivi inaona kama umeandika Kijapani inakupeleka kwenye mwanzi, maana take ni mwanzi kweli. Weka alama za kunukuu, "take", ndo itajua ni Kiingereza. Halafu usibebe la kwanza ukakimbia nalo! Kuchukua kitu ni toru, kupiga picha pia toru lakini kanji yake, yaani ile herufi ya kuliandikia, nyingine (撮る), kupanda basi noru, kuchukua muda kakaru. Soma zile sentensi za mfano kwanza.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili hakimo, lazima upitie Kiingereza, na saa nyingine Kiingereza kinatupoteza njia bure. Chukua rice. Nilihangaika nayo siku mbili, ine, kome, gohan, nakariri nasahau, mpaka siku naosha mchele jikoni ndo ikaniingia: ine ni mpunga, kome ni mchele, gohan ni wali. Yaani Mwingereza ndo hana, sisi tunayo yote matatu toka utotoni! Toka siku hiyo kila neno naliandika kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari, ndo nafungua Jisho.

Nyota nne. Na mtu akikuuliza kama umeshakula gohan jua haulizii wali peke yake, gohan ni mlo pia, hiyo nayo nimeikuta humo humo.